Nyumba Asimolala Mjukuu

Corley Bend ni mji wa Marekani ambao watu wake hufa zaidi kuliko wanavyozaliwa. Hakuna vita wala maradhi. Vijana wakimaliza shule huwasha gari wakaenda Dallas, au huteremka Houston, na ukiwaona tena ni kwenye mazishi au ile sikukuu yao ya bata mzinga. Wanaobaki ni wazazi wao, na nyumba za mbao zinazobambuka rangi, na ghala la nafaka lisilotiwa nafaka, na timu ya mpira ya shule ambayo siku hizi haipati wachezaji mpaka iazime kwa jirani.

Katika mji huo ndimo anamoishi Badria binti Abdulsamad, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa. Kazi yake ni kuuguza katika makao ya wagonjwa wazee, yale yaliyo nyuma ya kanisa la Wabaptisti. Amewaosha, amewalisha na kuwageuza ubavu mama na baba za karibu kila mtu mwenye jina pale mjini, na kwa hiyo wanampenda. Wanampenda dukani, wanampenda kwenye kituo cha petroli, wanampungia mkono kutoka ndani ya magari yao ya mizigo. Lakini kwa miaka yote aliyokaa hapo mapenzi hayo yalikuwa yakikomea barazani. Hakuna aliyewahi kumwambia, pita ndani ukae.

Hilo lilimuuma, naye hakulisema ila kwa mumewe. Swafwani, dereva wa malori ya masafa marefu, alimcheka.

"Kwani wataka waje wakupigie hodi kama Kibokoni? Hawa wakikupenda wakutumia kadi."

"Si hodi nitakayo, babake Nawal. Nataka kujua kama nipo."

"Upo. Wala hukosi kuonekana, mtu mzima mwenye buibui katikati ya shamba la pamba."

Badria akacheka pamoja naye, na uchungu ukabaki palepale.

Kabla ya hapo waliishi Houston, mtaa wa Gulfton, katika yale magorofa yaliyobanana ambako ukikohoa jirani akwambia pole. Huko ndiko alikojifungua binti yake, Nawal, mamake akiwa ng'ambo ya dunia na mumewe yuko barabarani. Nyumba ya ukuta kwa ukuta ilikuwa ya Rosette, mama wa Kikongo wa Uvira, aliyekaa ukimbizini Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Mkristo wa kwaya, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtoni. Hawakuwa ndugu, wala hawakuwa dini moja. Walikuwa na Kiswahili tu, na hicho nacho kila mmoja alikuwa na chake.

Rosette alisikia mtoto analia, akasikia na mama analia. Akagonga, akaingia, na hakuondoka kwenye ile nyumba mpaka arobaini ilipotimia. Alimkanda Badria kwa maji ya moto. Alimfunga tumbo kwa kitenge chake mwenyewe. Alimpikia uji wa pilipili manga kwa maelekezo ya mamake Badria, simu imebanwa begani, huku akiguna kwamba Waislamu hawa watatia pilipili hata kwenye maji ya kunywa. Siku ya arobaini mamake Badria alisema kwenye simu, "Mwanangu, huyo si jirani. Huyo ni mamako aliye karibu. Umwangalie."

Badria aliahidi kumwangalia. Kisha akahama, kama watu wanavyohama, na kumwangalia kukawa ni kwa simu.

Miaka ikapita. Binti wa pekee wa Rosette akafariki, akamwachia mtoto mdogo, Noella. Bibi akaanza ulezi upya na magoti yamekwisha. Kila walipozungumza, Rosette alilalamikia ngazi.

"Mama Nawal, hizi ngazi zitaniua. Nikishuka na mutoto kwenda kungoja bisi ya shule, nawaza namna ya kupanda tena."

"Ngoja, Mama Rosette. Nitakutafutia mahali huku, palipo shwari. Huku hakuna ngazi, hakuna makelele."

"Batu wa huko wananipenda?"

"Watakupenda. Mimi nipo."

Ahadi hiyo Badria aliitoa kwa moyo mweupe, na ndiyo iliyokuja kumponza.

Sasa ikaja kampuni moja kutoka Dallas, yataka kujenga nyumba za kupanga Corley Bend, nyumba za watu wa kipato kidogo. Mambo haya yana utaratibu wake. Serikali haijengi; humwambia mwenye mtaji, jenga nyumba nafuu, nasi tutakupunguzia kodi yako miaka na miaka. Matajiri wanaoutaka msamaha huo ni wengi na msamaha ni mchache, kwa hiyo huchujwa, na moja ya mizani ni neno la mji wenyewe. Mji ukisema twazitaka, kampuni inapanda. Mji ukinuna, kampuni inafunga mkoba.

Kampuni ilileta picha mbili. Moja ya nyumba za familia, zina kiwanja cha watoto na bembea. Ya pili ya nyumba za wazee, wenye miaka sitini na miwili na kwenda mbele, zina bustani na mabenchi. Mji uchague. Mwalimu mkuu wa shule alitaka za familia, maana madarasa yake yalikuwa yamebaki viti vitupu. Wengine wengi walitaka za wazee. Halmashauri ya mji ikagawanyika, ikaitisha mkutano wa hadhara kwenye ukumbi wa zimamoto.

Siku mbili tatu kabla ya mkutano, Bi Loretta aligonga mlango wa Badria. Mama yake Loretta alikuwa amefia mikononi mwa Badria kule kwenye makao, akifutwa jasho, na Loretta hakusahau. Alikuja na pai ya njugu za pekani, ingali moto.

"Nimetumia siagi," alisema. "Sikutia mafuta ya nguruwe. Niliuliza."

Badria aliipokea ile pai kwa mikono miwili. Mtu amekwenda kuuliza. Mtu amesimama jikoni kwake akawaza Badria anakula nini. Wakaketi, wakanywa chai, na Loretta alipomaliza kikombe akasema ombi lake. Je, Badria angesimama mkutanoni akawaambia watu namna wazee wanavyoheshimiwa kwao? Wewe wanakusikiliza, alisema. Na baada ya mkutano, uje nyumbani, tutakuwa watu wachache tu.

Badria alisema ndiyo kabla Loretta hajamaliza.

Lile jambo lenyewe aliligeuza kichwani na likamkalia vizuri. Nyumba za wazee, si ndizo atakazo Rosette? Hazina ngazi. Na Noella, ah, Noella atakuja na bibi yake. Kwao Kibokoni nyumba ya bibi ndiyo yenye watoto wengi kuliko chuo cha Kurani. Wajukuu wamelala chali mpaka ukumbini, unapita ukiwaruka. Nani aliyewahi kuona mzee akapewa nyumba akaambiwa mjukuu abaki nje? Hata hakuona haja ya kuuliza. Akajiona mjanja: atamfurahisha Loretta, atamleta Rosette, na mambo yote yatakwenda sawa.

Ndivyo alivyojiambia. Lakini siku ya mkutano, karibu na meza ya kahawa, mzee mmoja mwenye kofia ya wachunga ng'ombe alisema, si kwa kunong'ona, "Tukijenga za familia tutaletewa Houston nzima hapa." Waliomzunguka wakacheka. Badria alikuwa katikati yao, kikombe mkononi, naye ametoka Houston hiyohiyo, na akacheka. Alicheka kwa sababu ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama ndani ya duara lile, na hakutaka kuwa wa kwanza kutoka.

Kisha mwalimu mkuu akasimama akasema wazi, kila mtu akisikia, "Nyumba za wazee hazitatuletea mtoto hata mmoja. Mjue mnachochagua." Badria alisikia. Hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye, kwamba alisikia, na akaliweka kando kama mtu anavyoweka kando barua asiyotaka kuifungua, akijiambia kwamba mwalimu huyo ni Mzungu na hajui mjukuu ni nini.

Ikafika zamu yake. Alizungumza vizuri, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya hilo. Alisema kwao mzee hatupwi. Alisema nyumba isiyo na mzee ni nyumba isiyo na baraka. Alisema wazee wametulea katika makelele yetu, na sasa ni haki yao kupata utulivu. Hilo la utulivu hata halikuwa la kwao; huko kwao mzee akinyamaziwa hudhani watu wamemsusa. Alilitia kwa sababu aliona nyuso zao zinalitaka. Ukumbi ukapiga makofi. Halmashauri ikapiga kura, na za wazee zikashinda kwa mkono mmoja.

Jioni ile alikaa kwenye kochi la Bi Loretta, akapewa sahani ya kaure. Alifurahi, na akampigia Rosette simu akiwa bado njiani kurudi.

"Zinajengwa, Mama Rosette. Mkabala na kwangu. Mwavuka barabara tu."

"Aksanti, mwana wangu. Mungu akupe."

Ujenzi haukuwa wa haraka, lakini siku zina miguu. Nyumba zilipokwisha kupakwa rangi, Badria alipiga simu ofisini kwao, akauliza kama ipo nafasi ya mama mmoja mzee kutoka Houston. Akaambiwa nafasi zipo tele. Hakuuliza zaidi, na sababu ya kutouliza aliijua mwenyewe: tayari kulikuwa na kidudu kinamtafuna. Akamwambia Rosette, mkataba wako wa Gulfton ukiisha usiurudie. Njoo.

Rosette akaja. Swafwani alikodi gari akamletea vitu vyake: masufuria, mashine ya kushona, godoro la Noella lenye picha za vipepeo. Wakaenda ofisini wote, Rosette amevaa kitenge kipya, Noella amesukwa nywele. Msimamizi alikuwa Lydiah, Mkenya, anayeendesha gari kila siku kutoka Cedar Hill, na alipowasikia wakizungumza Kiswahili akafurahi kama aliyepata ndugu.

"Karibuni sana. Shosho, bibi yetu, karibu. Nyumba yako iko ready kabisa, ground floor." Kisha akamtazama Noella, na tabasamu likapungua. "Na huyu ni wa nani?"

"Ni wangu," alisema Rosette. "Mujukuu."

"Amekuja ku-visit?"

"Amekuja kukaa."

Lydiah aliweka kalamu chini. "Auntie," alimwambia Badria, si Rosette, "haingii. Hapa kila mtu kwa nyumba lazima awe sixty-two na kuendelea. Kila mtu. Mtoto hata nikitaka siwezi mu-add."

"Mtoto mmoja?" alisema Badria. "Kama paka?"

"Paka tunaruhusu," alisema Lydiah, na akaona haya alipojisikia. "Pole, shosho. Si mimi, na si hata kampuni. Sisi tulileta pia za family. Watu wa hii town ndio walichagua, na tukishajenga hivyo tumefungwa. Hata boss huwa anatuambia hiyo story, eti kuna mama wa kwetu alisimama kwa meeting akaongea poa sana vile wazee wanataka kutulia, ndio ikapita."

Badria aliangalia zulia. Hata baadaye alilikumbuka zulia lile uzi kwa uzi. Rosette alikuwa ametazama dirishani, kwenye benchi la bustani lililokuwa jipya na tupu, wala hakugeuka.

"Mchana anaweza kuja?" Rosette aliuliza mwishowe.

"Mchana wote, hakuna shida. Ni kulala tu. Akizoea kulala hapa, watu wataona, na utapewa notisi."

Kurudi Gulfton hakukuwezekana. Ile nyumba ilikwisha kupata watu. Badria akasema upesi, kwa sauti ya uchangamfu iliyomtisha mwenyewe, "Basi atalala kwangu. Na Nawal. Ni kuvuka barabara tu."

"Sawa," alisema Rosette. "Aksanti, mama Nawal."

Ndivyo ilivyokuwa. Noella akitoka shule hushukia kwa bibi yake, akala bugali na sombe ya majani ya mihogo, akafanya kazi ya shule mezani huku mashine ya kushona inalia. Jua likigusa ghala la nafaka, Badria huvuka barabara kumchukua. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya iliyomshinda kama hiyo, naye ni mtu aliyekwisha kufunga macho ya maiti. Rosette hakumruhusu mtoto avae viatu mwenyewe. Alipiga magoti yale mabovu, akampaka mafuta miguuni, akamvalisha soksi, akafunga kamba taratibu kiatu kimoja na cha pili, na Badria amesimama mlangoni kama askari aliyekuja kukamata mtu.

Kisha Rosette husema, "Aksanti, mama Nawal."

Kila jioni. Badria angepokea tusi kwa shukrani, lakini shukrani ile ilimchoma. Jumapili Rosette alimsifu kanisani kwake mbele ya watu. Alimshonea kanga upindo. Alimletea mandazi. Badria aliyala akajiona mwizi anayekaribishwa chakula na aliyeibiwa.

Usiku mtoto alilala chumbani kwa Nawal, ameelekea dirisha. Ng'ambo ya barabara taa ya jiko la bibi huachwa inawaka ili Noella aione. Nawal, ambaye Kiswahili hukisikia na Kiingereza ndicho hukijibu, alimwambia mamake, "Mom, she won't let me close the curtain."

"Usilifunge."

"It's so bright, though."

"Nimesema usilifunge, Nawal."

Bi Loretta naye aliuza nyumba yake kubwa akahamia huko, mlango wa pili na Rosette. Akampenda Noella, akawa anamwekea peremende mfukoni, na mtoto akiondoka jioni husimama kwenye korido akampungia mkono. "Laiti angekaa," alimwambia Badria siku moja. "Pamekuwa kimya mno humu." Badria alimkodolea macho. Alitaka kumkasirikia na hakupata pa kuanzia, kwa kuwa ule ukimya waliuomba wote wawili, na aliyeupamba kwa maneno ni yeye. Mwaka uliofuata shule ilifungwa madarasa ya chini, watoto waliobaki wakawa wanapelekwa mji wa pili kwa basi, na Noella akawa anaamka gizani.

Badria alimweleza mamake kwa simu. Bibi yule wa Kibokoni alisikiliza mpaka mwisho.

"Majuto ni mjukuu, Badria. Huja kinyume."

"Naelewa, mama."

"Umemwambia?"

"Nitamwambia, inshallah."

"Hiyo inshallah yako naijua mimi. Ni ile ya kumfukuzia fundi asiyelipwa."

Kweli hakumwambia. Alijisemea kwamba Rosette hajui, na mtu asiyejua mwache na raha yake. Alijua vilevile kwamba anajihurumia mwenyewe kuliko anavyomhurumia Rosette.

Halafu kampuni ikarudi. Palikuwa na uwanja mtupu upande wa pili wa bustani, na safari hii walileta picha moja tu, ya nyumba za familia, zenye bembea. Walitaka tena neno la mji. Badria alipolisikia alikaa chini. Nyumba ya familia: bibi na mjukuu, mlango mmoja, godoro la vipepeo. Mungu amemfungulia njia ya kurekebisha bila ya kukiri chochote, na hata furaha yake ilikuwa na haya ndani yake.

Bi Loretta akaja na pai. Siagi, kama kawaida. "Utatusemea tena?" aliuliza.

"Nitasema," alijibu Badria, bila kutaja upande. Pai ikakaa mezani chini ya kitambaa, na hakuna aliyeikata.

Rosette alisema naye atakwenda. Kiingereza chake ni cha dukani na hospitali, lakini alitaka kuona. Akakaa nyuma kabisa ya ukumbi wa zimamoto, Noella ubavuni, na mtoto akawa anamnong'oneza bibi yake kila kinachosemwa.

Badria alisimama. Alisema mji unakufa. Alisema amewafumba macho watu wengi wa hapa, na hajaona mtoto akizaliwa wa kuwafidia. Alisema kumpa mzee nyumba bila mjukuu ni kama kumwekea mtu chakula ukamfunga mikono. Alisema yupo mtoto mmoja, yule pale nyuma, anayelala ng'ambo ya barabara kwa sababu ya umri wake. Alisema kweli tupu, na ukumbi ulimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni.

Bi Loretta akainuka. Hakuwa na ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu, na alizungumza kwa upole. Alisema anampenda Badria kama dada. Lakini anakumbuka, na wengi hapa wanakumbuka, jioni ile Badria aliposimama palepale akawaambia kwamba wazee wametulea katika makelele yetu, na sasa ni haki yao kupata utulivu. "Maneno yale nimeyabandika ukutani," alisema Loretta. "Yeye ndiye aliyetufundisha. Baadhi yetu tumeuza nyumba zetu kwa maneno yale. Sasa tuwajengee watoto ukutani kwetu?"

Watu wakapiga makofi. Badria aligeuza shingo. Nyuma ya ukumbi midomo ya Noella ilikuwa bado inatembea sikioni mwa bibi yake, neno kwa neno, kwa uaminifu wote wa mtoto aliyepewa kazi. Kisha ikanyamaza. Rosette alikuwa anatazama mbele.

Halmashauri haikuchelewa. Uwanja ubaki kama ulivyo.

Walirudi kwa miguu, watatu. Mlangoni kwa Rosette mtoto alitangulia ndani kutafuta begi lake, na Badria akaona kwamba sasa hapana tena pa kukimbilia.

"Mama Rosette," alisema. "Ile mara ya kwanza..."

"Najua."

"Wajua tangu lini?"

"Tangu siku ya ofisi. Yule binti alisema mama wa kwetu. Hapa mama wa kwetu iko mumoja tu." Rosette hakuwa amepandisha sauti. Alikuwa ameingia ndani, anatafuta chupa ya mafuta juu ya kabati.

Badria alilia, akajichukia kwa kulia. "Mbona hukunitukana? Miezi yote hii waniambia aksanti. Mbona hukunikasirikia hata siku moja?"

Rosette alipiga magoti, akaushika mguu wa Noella aliyekuwa amekuja kukaa mkekani, akaanza kuupaka mafuta, vidole vyote, kimoja kimoja.

"Mutoto wangu analala kwako," alisema. "Nikikukasirikia, atalala wapi?"

Akamvalisha soksi. Akafunga kamba za kiatu kimoja, akafunga za cha pili, akamshika bega ili ainuke. Jua lilikuwa limegusa ghala la nafaka. Akauchukua mkono wa mtoto akautia kwenye mkono wa Badria.

"Aksanti, mama Nawal," alisema, kama kila jioni.